Nilimpigia Kura Mpinzani Wangu, na Sasa Nagombea Tena

Mpendwa Bi. Borghild, naomba msaada wako, na tafadhali jina langu usiliweke gazetini, kwa sababu jambo hili nimelibeba miaka minne bila kumwambia mtu, na wiki iliyopita limenitoka mdomoni mezani kwangu likanigombanisha na mtu ninayempenda, na uchaguzi umebakiza siku kumi na mbili tu.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule hapa Tordal na nagombea kwa mara ya pili, na kabla ya hapo nilikuwa mpishi wa shule hiyohiyo miaka ishirini na sita, nimewalisha hata wazazi wa watoto waliopo sasa, na mimi mwenyewe nilikula mwisho, nimesimama kando ya sinki, maana marehemu mama alitulea hivyo, kwamba mtu hajipakulii wa kwanza wala hachukui kipande cha mwisho, na unajua huku kwetu kila sherehe ya kanisa inaisha na kipande kimoja cha keki ambacho kila apitaye anakikata nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka inabaki chembe isiyo na wa kuila.

Miaka minne iliyopita tuligombea kiti kimoja mimi na Duane, meneja wa ghala la nafaka, na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, Duane ni mtu mwema, tunaimba kwaya moja, na mume wangu alipofariki ndiye aliyekuja kuondoa theluji mlangoni kwangu kipindi chote cha baridi bila kuombwa, ila yeye anaamini shule yenye watoto sitini na mmoja ni ndogo mno, ifungwe, watoto wapelekwe kwa basi hadi mji wa Ellis, na mimi naamini mtoto wa miaka sita hapaswi kukaa saa nzima ndani ya basi asubuhi ya Januari, barabara ikiwa barafu tupu. Siku ya kura niliingia kibandani, nikashika kalamu, nikaona jina langu limechapishwa pale kwenye karatasi, nikaona haya kama mtu aliyefumwa akijitazama kwenye kioo cha dukani, nikaisikia sauti ya mama, nikakijaza wino kiduara kilicho kando ya jina la Duane.

Bi. Borghild, kura zilipohesabiwa zilikuwa 218 kwa 218.

Sheria inasema mkilingana ni bahati nasibu, basi tukasimama mimi na Duane mbele ya karani wa uchaguzi tumeshika kofia zetu, karani akarusha sarafu, ikaniangukia mimi, Duane akanipa mkono na jioni ileile akaniletea bakuli la viazi na nyama vilivyookwa pamoja, nikavila kwa aibu, na bakuli lake hadi leo sijalirudisha, na tangu hapo nimefanya kazi kwa nguvu zangu zote, kwani pendekezo la kuifunga shule lililetwa mwaka jana, bodi ikalikataa wanne kwa watatu, na wa nne nilikuwa mimi.

Safari hii tunashindana tena mimi na Duane, na nimeapa kushinda, nimegonga milango mia mbili na kumi kwa magoti haya mabovu, ila nikifika mlangoni maneno "nipigie kura" yanagoma kutoka, nasema mpigie unayeona anafaa, Duane naye ni mzuri, nakunywa kahawa naondoka, na jirani yangu Kirsten, mwenye watoto watatu pale shuleni, ambaye ndiye anayenisindikiza, uvumilivu ukamwisha, akaniuliza, "Mama, kwani sisi tunampigia kampeni nani?" Nikampikia chapati za viazi nimtulize, na katika kujieleza nikamwambia yote, kibanda, kalamu, kiduara. Akaiweka chapati chini akasema, "Kwa hiyo shule ya wanangu ilirushwa juu pamoja na sarafu, kwa sababu ya adabu zako?" Akachukua koti lake, na leo ni wiki hajakanyaga kwangu.

Niambie, niwaeleze watu au ninyamaze, na siku ya kura nikiwa kibandani nifanye nini, maana kushinda nataka kwa moyo wangu wote, lakini nikifikiria kujaza kiduara changu mkono unakuwa mzito, na wakati mwingine nawaza labda Duane naye alinipigia mimi.

Mpishi Mstaafu, Tordal


Mpishi,

Umeniomba nisiweke jina lako na sijaliweka. Lakini mama yangu, Tordal ina watu mia saba na mpishi mstaafu mmoja tu kwenye bodi. Jumatatu nilikupigia simu kukukumbusha hilo. Ukasema, "Chapisha. Ila nisahihishie herufi." Basi swali lako la kwanza limekwisha, kijiji kizima kinasoma hapa pamoja nawe. Kesho ukienda dukani kununua maziwa, nunua maziwa, usianze kuomba radhi kwenye foleni.

Pole, na sikutanii. Haya hiyo naijua, nimelelewa nayo. Niliwahi kushinda na njaa kwenye harusi ya dada yangu mwenyewe nikingoja niambiwe "kula" mara ya tatu, na walioniambia waliishia mara ya pili.

Lakini nikuulize wewe uliyeshika upawa miaka ishirini na sita. Kuna siku hata moja ulichukua sahani ya mtoto aliye kwenye foleni ukampa mgeni, kwa kuwa tu mgeni ni mtu mwema? Hukuthubutu, na angethubutu mwingine ungemfukuza jikoni. Sasa kura ile haikuwa chakula chako wewe. Ilikuwa ya watoto sitini na mmoja, na ukampakulia Duane.

Usiniambie ni unyenyekevu. Uliwaambia watu mchana kweupe kwamba shule isifungwe, kisha ukaingia kibandani ukamchagua anayetaka kuifunga. Kirsten ana haki ya kukasirika, na mimi nimekasirika kwa niaba yake. Walioacha ng'ombe bila kukamuliwa wakaja kukupigia walikuchagua wewe, si sarafu. Heshima si utumwa, mama.

Kuhusu Duane kama naye alikupigia, sijui na haituhusu. Kama alifanya hivyo, basi Tordal ina wagonjwa wawili. Mtu mwema kama yeye anastahili mpinzani wa kweli. Bakuli lake mrudishie likiwa na chakula, imbeni kwaya yenu, na Jumanne umshinde.

Yaliyopita si ndwele. Zimebaki siku sita, kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza kusoma, vaa koti uende kwa Kirsten. Usibebe keki wala chapati, maana ukibeba mtazungumzia keki. Mwambie, "Nilikosea." Akijibu asijibu, wewe endelea: "Nipigie kura." Tamka maneno hayo mawili ukimtazama machoni. Akikufungia mlango, utakuwa umeshayatamka mara moja, na ya pili itakuwa nyepesi.

Kisha irudie ile milango mia mbili na kumi. Ndiyo, yote, na magoti yafunge bandeji. Safari hii kahawa ukatae. Duane usimsifu wala usimseme vibaya, hayumo kwenye mazungumzo hayo. Eleza habari ya shule na ya barabara, kisha sema yale maneno mawili na unyamaze mpaka wakujibu.

Jumanne uwe kituoni saa moja asubuhi mlango ukifunguliwa, na miwani yako usiisahau. Mkono ukiwa mzito, usiliangalie sana jina lako, kwa kuwa ndilo linalokutia haya. Mfikirie binti mdogo wa Kirsten, yule uliyeniambia kwenye simu kwamba hali njegere na anazificha chini ya mkate. Mwone amesimama kando ya barabara saa kumi na mbili na nusu, Januari, giza bado, anangoja basi la Ellis. Halafu jaza kiduara.

Sarafu ilikuhurumia mara moja, lakini haimjui mtoto huyo. Wewe unamjua mpaka asichokula.