Marehemu Hamtaki Mchumba Wangu

Mpendwa Shangazi Yu-chin,

Naomba unikwamue, maana nilipofika hata mama yangu naona haya kumwambia. Mimi nauza viatu kwenye jengo kubwa la maduka karibu na stesheni ya Taichung, mchumba wangu Hsiu-ping anauza manukato ghorofa ya chini, tunaoana mwezi ujao, na tumetafuta nyumba ya kupanga jirani na kazini mpaka soli zimelika, hii imeshachukuliwa, ile jiko liko chooni, hadi tukampata Mama Lai, mjane, ana ghorofa tupu juu ya kwake, jua linaingia, na kufika kazini ni kuvuka barabara tu. Tatizo, Shangazi, Mama Lai haamui kitu bila marehemu mumewe. Anawasha ubani mbele ya picha yake, anarusha vile vibao viwili vya mwezi, vya kuulizia wafu, vilivyochongwa kama mwezi mwandamo, kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, mzee amekubali, vyote kifudifudi amekataa, vyote chali anacheka. Mimi nilikubaliwa mara tatu mfululizo, nikapewa na ndala za marehemu, zikanikaa sawasawa. Mzee akaulizwa kuhusu Hsiu-ping, vyote kifudifudi. Akaulizwa tena, kifudifudi. Mama Lai akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, si mimi. Mzee manukato yanamkohoza."

Nami sikubisha, nikasema labda nitangulie kuhamia peke yangu halafu tumbembeleze mzee polepole, basi kila jioni nikitoka kazini napita kwa Mama Lai, ananipikia wali na nguruwe, chakula alichopenda marehemu, tunakula, tunamuuliza mzee kama kesho mvua itanyesha, na hapo ndipo nilipoharibikiwa, kwa sababu nimenunua vibao vyangu mwenyewe, vinakaa mfukoni, nauliza ninywe supu gani, nimhudumie mteja yupi, na juzi Hsiu-ping aliponiambia, "Hivi mimi naolewa na wewe au na kamati ya wafu?" nikajifungia stoo katikati ya maboksi ya viatu nikamuuliza Mzee Lai kama nimwache. Vikalala chali. Nikarudia, chali. Sijui ananicheka mimi au analicheka swali. Hsiu-ping hapokei tena simu zangu, na Mama Lai anataka jibu Jumamosi kama nahamia peke yangu, la sivyo nyumba anampa mwingine. Nifanyeje?

Ting-hao, Taichung

Ting-hao mwanangu,

Pole. Pole yenyewe imeishia hapo, sasa kaa vizuri tusemezane.

Alikuwa anakucheka wewe. Hata mimi nimecheka, na niko hai.

Vibao vya mwezi hata kwangu vipo, na sivichezei. Lakini marehemu hasaini mkataba, wala hatakuja kuziba bomba likivuja. Mwenye nyumba ni Mama Lai, na Mama Lai, kama hujaliona basi macho yako ni ya pambo tu, hatafuti mpangaji. Anatafuta mtu wa kula naye. Kijana asiye na mke atashuka kila jioni, mwenye mke atakula kwake. Ndiyo maana wewe umepewa ndala na mwenzako kapewa kikohozi. Simlaumu sana, upweke ni kitu kibaya. Nakulaumu wewe, uliyeona mchumba wako anakataliwa mlangoni, ukajivalia ndala ukakaa mezani.

Ijumaa nendeni wawili, Hsiu-ping asijipulize kitu, mbebe matunda ya kumwekea marehemu. Mwambieni Mama Lai waziwazi kwamba mnahamia wote au hamhami, na kwamba mtakuwa mkishuka kula naye, na siku nyingine apande yeye ale kwenu. Halafu arushe. Mzee akiulizwa hivyo, sidhani kama atakohoa. Akikohoa, rudisha ndala, mkatafute kwingine.

Lakini ya Ijumaa yanategemea ya leo. Vibao vya mfukoni vipeleke hekaluni, uviache huko. Kisha shuka ghorofa ya chini, usimame mbele ya kaunta ya manukato hata kama kuna wateja, umwombe radhi Hsiu-ping, umuulize kama bado anakutaka, maana katika mambo yote haya ni yeye tu ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Na akisema hapana, ni hapana, usitafute wa kumkatia rufaa.

Shangazi Yu-chin