Madirisha ya Wifi

Baba watoto,

Nimewahi zamu, narudi saa tisa. Chai iliyobaki iko kwenye chupa. Ukiamka, toa magodoro yapigwe jua, harufu ya unyevu iishe. Sinki lisugue kwa limau na chumvi. Madirisha ni siki kikombe kimoja, maji viwili, na ukaushe kwa gazeti kuukuu, si kwa taulo langu. Dawa za dukani ziache, zinakupigisha chafya.

Asubuhi, kabla hujarudi kulala, ulisema: "Dada yangu ana mkono wa usafi. Madirisha yake unajiona kama kiooni. Hebu muulize anatumia nini."

Ananitumia mimi. Jumamosi ile niliyokuaga naenda kumjulia hali, nilipanda kiti chake nikayasugua yote sita, yeye ameshika ndoo, akinisihi nisimwambie mtu. Siri yake nimeitunza mwezi mzima, leo unanimwagia sifa zake kwenye chai yangu.

~~Nimeudhika kidogo tu.~~ Nina wivu, tena mkali.

Nimemwalika saa kumi. Pembe za juu za madirisha usiziruke; kwake hazifuti, lakini kwa watu ndizo anazoanza kuziangalia. Akisifia, nitajibu kwamba nimeyaosha mimi. Wewe utakaa kimya na mikono yako inayonuka siki, unisikilize nikipongezwa. Hapo ndipo utakapojua ile chai niliimeza vipi.

Ni mimi,
wifi yake