Kanuni ya Tatu

Kemondo, 9 Juni 2009

Klaudia mwanangu,

Miguu imekataa, lakini mkono bado unaandika. Senene walikuja wachache, na mnyauko umemaliza migomba yangu.

Mwaka 2002 ofisi yetu ya kahawa Bukoba ilipata kompyuta moja na anwani moja ya barua pepe. Mimi, bwana mkubwa mwenye diploma, nikatunga kanuni na kuzibandika ukutani. Ya tatu ilisema mtandao ni wa kazi tu, meneja atasoma barua zote, na za binafsi zitafutwa. Upuuzi wa mtu aliyedhani ofisi ni ufalme wake.

Kaka yako Ildefons, karani wangu, alikuandikia kwa siri kupitia anwani hiyo kwamba ana ugonjwa huu wetu, Ukimwi. Ulimjibu siku ileile: "Njoo Kampala. Dawa zipo, nitakutunza." Niliisoma mimi, nikaifuta.

Kila asubuhi aliniuliza, "Mjomba, Klaudia hajajibu?"

"Hapa mimi si mjomba wako. Soma kanuni ya tatu."

Alikufa miezi mitano baadaye, akiamini umemtupa. Ulipoapa msibani Kanazi kwamba ulijibu, shangazi zako walikuita mwongo mbele ya jeneza. Nami nilikaa pale na tai yangu, kimya.

Kabla ya kuifuta niliichapa, niiweke kwenye faili lake kama ushahidi wa utovu wa nidhamu. Karatasi yenyewe ni hii. Ipeleke Kanazi, uwasomee shangazi zako kwa sauti, pamoja na barua hii. Usiruke jina langu.

Mjomba wako,
Mwijage