Kitabu Kisicho na Mlango

Baba,

Kila barua uliyowaandikia watu pale barazani kwetu Mtoni uliianza kwa maneno yaleyale: mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Leo nayageuza, unisamehe. Wewe uliye mbali huna tena cha kuogopa. Hofu yote imebaki huku kwangu, tangu Alhamisi.

Lakini nianze na habari za nyumbani, maana najua ungeziuliza kwanza. Mama hajambo. Arobaini yako ilipopita alikwenda kukaa kwa dada Buguruni, anasema nyumba hii imekuwa kubwa mno. Sukari ni ya foleni katika duka la ushirika. Watu bado wanapiga hodi wakitaka uwaandikie barua; wengine hawana habari. Nawaambia karani ametangulia, wanakaa wanalia kidogo, kisha nawaandikia mimi. Kofia yako iko palepale msumarini. Sijaweza kuitoa.

Na mimi sasa nafundisha kisomo cha watu wazima. Asubuhi niko na watoto shuleni, alasiri niko na bibi zao kwenye banda la ofisi ya tawi la chama. Ungecheka, Baba. Watu wenye mvi wanagombania chaki. Nimewafundisha ile ada yako, kwamba kabla ya kusoma kitabu ufungue ukurasa wa kwanza, usome kwa sauti jina la aliyekiandika na la kila aliyetia mkono wake. Ulikuwa ukiniambia ukurasa ule ndio mlango, na mtu mwenye adabu haingii nyumbani kwa watu bila hodi. Basi darasa langu zima linapiga hodi vitabuni. Katibu wa tawi anaona kichekesho, lakini hata yeye nimemsikia akifanya.

Vitabu ndivyo havitoshi. Waliomaliza kile cha kwanza walikuwa wanakaa mikono mitupu, ndipo nikafungua kasha lako. Nilichukua vitatu, na kimoja kilikuwa kile chekundu: safari za yule Bwana wa Kizungu uliyefuatana naye kusini ukiwa kijana, alizoziandika kwa Kiingereza, nawe ukazitia katika Kiswahili. Nilikichukua kwa majivuno. Nimekua nikionyeshwa jina lako ndani yake, na wageni wakionyeshwa. Ila sikuwahi kukisoma. Ulinisomea ile sura ya kuvuka mto wenye mamba, basi, na utu uzima wangu wote nikadhani nakijua.

Aliyekichagua ni Bi. Somoe. Wewe humjui, alihamia baada yako. Ni Mmakonde, mjane, rika la Mama, mwanawe anachonga vinyago kando ya barabara ya Kilwa. Uso wake una chale, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, pambo la mdomoni la kwao, aliyokwisha kuivua miaka mingi. Alikifunua kile kitabu akakuta picha ya mwanamke mwenye chale kama zake, akakifunga, akakikumbatia. "Hiki changu," akasema. Akawa anakisoma nyumbani mstari mmoja kwa siku, kidole juu ya herufi. Mlango ulimshinda, kwa kuwa majina yamepigwa chapa kwa herufi za mapambo. Akasema hodi ataipiga siku ya mtihani wetu wa kisomo, kwanza atusomee ukurasa wenye picha yake.

Alisimama Alhamisi. Alivaa khanga mpya. Nitakuandikia alichosoma, ingawa wewe unakijua kuliko mimi: "Watu wa huku juu ni kama watoto. Ni wakarimu, lakini hawajui kesho. Walitupatia maji ya kuoga. Wao wenyewe hawaogi, ni wachafu kama wanyama, wala hawaoni haya."

Alisoma silabi kwa silabi, Baba. Ha-wa-o-gi. Nililiona neno linakuja kabla hajalifikia, nikataka kumkatiza, akanitangulia. Mzee Kibwana muuza mkaa alicheka, akasema, "Haya, Bibi, ndio nyie hao." Hakuna aliyemsaidia kucheka. Bi. Somoe akarudi nyuma akaisoma tena sentensi ile, polepole zaidi, kisha akaniinulia macho. "Mwalimu, nimesoma vibaya?"

Ule ulikuwa ukurasa wake wa kwanza mzima maishani. Nikamwambia, "Hapana, Bibi. Umesoma vizuri."

Alikaa. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Kwetu juu hakuna maji. Sie tulikuwa tunashuka bondeni alfajiri, tukipanda na mitungi jua lishakuwa kali. Akija mgeni, maji yale anaoga yeye."

Nikakimbilia kumlaumu Mzungu aliyekiandika. Nikasema, wakoloni ndivyo walivyotuandika sote, vitabu vyao vimejaa hayo, ndiyo maana tunajifunza tuandike wenyewe. Darasa likaitikia, mkoloni huyo, mkoloni. Nikavuta pumzi. Katibu alikuwa amesimama nje anasikiliza, akaingia na yake. Akasema vibaraka wa mkoloni wengine wamekufa, lakini kasumba yao wamewaachia watoto, na siku moja tutawajua. Hakuwa ananitazama mimi. Nadhani hakuwa ananitazama.

Nikamwomba Bi. Somoe kitabu nikamshonee jalada. Ijumaa, watu walipokwenda kuswali, nikajifungia na kasha lako. Nilitaka kukutetea, Mungu shahidi. Nilitaka kuona kwa macho yangu kwamba maneno yote ni ya yule Bwana na wewe ulikuwa kalamu tu. Kile cha Kiingereza kipo, na penseli yako imejaa pembeni. Kiingereza changu cha chuo cha ualimu kinatosha kwa ukurasa mmoja. "Kama watoto" ni lake. "Hawajui kesho" ni lake. Hakuwa mtu mwema kwetu, sisemi hivyo. Lakini "hawaogi" sikuiona. Nikasoma ukurasa wa mbele na wa nyuma. Mahali pake Mzungu aliandika kwamba wanawake wa kule hupanda na maji mwendo wa nusu siku. Hiyo wewe uliiacha. Nikafungua daftari lako la rasimu, nikaikuta sentensi ile ya "hawaogi" imechomekwa juu ya mstari, kwa mwandiko wako ule mzuri ambao watu walitoka mbali kuufuata.

Kwa nini, Baba? Maji yale uliyaoga.

Nimelifikiria siku mbili. Labda uliogopa. Ulikuwa kijana mweusi mwenye kanzu, peke yako kati ya Mzungu na wale watu, na ukahofu akikutazama asione tofauti. Ukamwandikia tofauti. Huenda ndivyo, huenda nakutungia udhuru. Maana nakumbuka pia kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, kilichokaa peke yake kwenye kidirisha cha uani. Wachongaji wa Kimakonde wakija barazani kuuza, ulisema, "Wape maji, lakini kwa kile chao." Hukuwahi kusema kwa ukali. Ulisema kama mtu anayesema funga mlango, kuku wasiingie.

Na hapa ndipo ninapoogopa kweli kuliko Katibu na kazi yangu na maneno ya mtaa. Darasani tuna mtungi mmoja na kata moja. Miezi yote hii, Bi. Somoe akishakunywa, mimi kiu huniisha. Sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka Ijumaa, nimepiga magoti mbele ya kasha lako. Hakuna aliyenifundisha kwa mdomo. Nilidhani nimerithi mwandiko tu.

Basi nikafanya ulichofanya wewe. Nilikoroga uji wa ngano, nikakata karatasi ya kaki, nikabandika ukurasa wa kwanza wote, jina la Bwana na chini yake jina lako. Jumamosi nikamrudishia kitabu na jalada jipya. Alikipapasa, akakifunua, kidole kikaishia kwenye kaki. Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hiki mbona hakina mlango?"

Nikamwambia ukurasa ulichanika. Nimemdanganya mtu mwenye umri wa mama yangu, machoni. Akasema, "Basi utaniambia wewe majina. Siwezi kuingia kwa watu bila hodi." Baba, ni ada yako hiyo. Wewe ndiye umenifunga nayo.

Kesho Jumatatu ndio mtihani. Wageni wanatoka wilayani, kila mwanafunzi atasoma ukurasa anaoutaka, na Bi. Somoe hataki mwingine. Nimemsihi asome habari za kilimo cha mihogo, amekataa. Anasema ameusoma akitukanwa, sasa anataka kuusoma mbele za watu, kisha ajibu. Naogopa. Naogopa Katibu atakavyonitazama. Naogopa Mama atasikia huko Buguruni kabla sijamfikia. Naogopa watu watapita barazani petu, pale ulipowaandikia barua za misiba na za posa bila kuwadai hata senti, wasiseme tena Mungu amrehemu. Nikinyamaza, hakuna atakayejua mpaka nife. Hilo nalo linaniogopesha, kwa sababu naliona ni jepesi.

Alasiri hii nimekiazima tena kitabu kwa Bi. Somoe, nimelowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu nikakiweka juu ya ile kaki. Uji wa ngano hauna ubishi. Karatasi imebanduka polepole, na jina lako limetoka zima, limelowa kidogo tu. Nimekianika kitabu dirishani.

Nakuombea, Baba. Nilikuombea jana na leo, na sitaacha. Uliyonipa mazuri hayafutiki kwa mstari mmoja. Ila nakuahidi hivi. Kesho kwanza nitakunywa maji ya mtungini, kwa kata ileile, Bi. Somoe akishakunywa. Halafu atakapofungua mlango nitasimama ubavuni pake nimsaidie zile herufi za mapambo. La Mzungu tutalisoma pamoja. La pili nitalisoma mimi, lote, mpaka jina la babu, kisha nitawaambia kwamba huyu ni baba yangu, na sentensi ile ya kutooga ni yake.

Lala salama. Ukisikia sauti yangu inatetemeka, ujue ni woga tu. Sijakukana.

Mwanao,
Zuhura