Ekzosi Mpya ya Gari la Samaki

Jumamosi, 5 Aprili

Nimeshinda mtaroni tangu asubuhi. Bado nina matope masikioni. Baba alipandisha magurudumu mawili ya gari kwenye ukingo wa mtaro wa uani, akaweka mawe nyuma ya yale mengine, halafu akasema mwembamba ndiye atakayeshuka. Mwembamba ni mimi.

Ekzosi ya zamani ilianguka juzi njiani kutoka ufuko wa Luanda Kotieno, gari likiwa limejaa samaki. Fundi wa mjini ana foleni. Baba hapendi foleni, na siku hizi hapendi mafundi pia. Alikuwa mtu wa mashine kiwandani hadi kiwanda kikafungwa. Tangu hapo hakuna anayemwita fundi. Kwa hiyo amenunua ekzosi ambayo haikutengenezewa gari hili hasa, yenye mdomo mpana kama bilauri, na ameamua kuifunga mwenyewe nyumbani.

Bolti zilikuwa zimeshikwa na kutu. Tulizimwagia mafuta ya taa, tukangoja. Nilishika tochi, baadaye spana. Nati ya mwisho niliifunga peke yangu. Baba aliijaribu. Haikusogea. Akanipa nusu ya soda yake.

Nikimaliza kidato cha nne nataka kusomea uhandisi wa mashine. Sijamwambia mtu. Leo nilikaribia.

Jumapili, 6 Aprili

Gari linanguruma! Mama Njeri, jirani yetu mwenye duka, alitoka nje na leso kichwani.

"Baba Akinyi, hii ni gari ama ni ndege? Tufunge mikanda?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka hivyo. Kanisani watu waligeuka tulipofika na Mama akaficha uso kwa Biblia. Alikuwa anacheka nyuma yake. Alisema sasa samaki watajua tunakuja.

Jumanne, 8 Aprili

Mdomo wa ekzosi unagonga mawe kwenye njia ya kushuka ufukweni. Uligonga jana. Leo tena. Baba alichukua msumeno wa chuma, akaukata. Sasa bomba linaishia chini ya sakafu ya nyuma, halitokezi nje. Alikuwa anapiga mluzi. Mimi nilifagia vumbi la chuma.

Pasaka inakaribia na Kisumu nzima itataka samaki Ijumaa Kuu. Baba na Mama wanatoka alfajiri kila siku isipokuwa Jumapili. Wakienda, Mama huketi mbele. Wakirudi, kiti cha mbele hubeba kreti, naye huketi nyuma kushikilia makreti mengine na magunia ya omena, wale dagaa wa ziwani. Karo yangu inatoka humo.

Alhamisi, 10 Aprili

Mama amerudi na kichwa kinamuuma sana. Alitapika mlangoni. Mama Njeri alisema ni malaria, mvua hizi zimeleta mbu. Akatuletea ndimu na chai ya tangawizi.

Nilikaanga samaki mimi. Niliwaunguza kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Ijumaa, 11 Aprili

Mama amepimwa. Hana malaria. Muuguzi alimwambia apumzike. Mama alikasirika, akasema atapumzika vipi wiki ya Pasaka, na je, muuguzi atamletea mtu wa kushika makreti?

Jioni alikuwa sawa. Kesho anaenda.

Jumapili, 13 Aprili

Jana Mama alirudi akiwa vibaya tena. Leo ni mzima kabisa. Aliimba akifua, akanitania kwamba nimeota meno ya Kiingereza kwa sababu nilikuwa nasoma kitabu cha Kiingereza kwa sauti.

Nilifurahi. Kisha nikaacha kufurahi. Kwa nini anapona siku ambazo gari limelala?

Jumatatu, 14 Aprili

Amerudi, ametapika, amelala na viatu.

Nilimuuliza Baba kama naye kichwa kinamuuma. Alisema kidogo, ni jua. Hakukuwa na jua leo. Yeye huendesha akiwa ameshusha kioo chake nusu.

Nimefungua kitabu cha kemia. Kuna gesi inayotoka kwenye injini. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa. Mtu huumwa kichwa, hutapika, husinzia. Mwalimu wetu alituambia tukariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani. Nilikariri. Nilipata alama zote.

Naogopa. Sina hakika. Ninaogopa zaidi kwa sababu sina hakika.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemwambia Baba. Nilichagua wakati ameshiba.

Hakunikemea. Hilo ndilo lililoniuma. Alichanganya sabuni na maji, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara lililoloa, akawasha injini, kisha akanituma mtaroni na brashi. Nipake povu kila kiungo. Gesi ikivuja, povu litatoa mapovu makubwa.

Nilipaka vyote. Nati yangu pia. Povu lilikaa kimya, hakuna kiungo kinachovuja.

"Umeona, injinia?"

Nimetaka kuitwa hivyo maisha yangu yote. Leo niliposikia nilitaka kulia.

Labda nimekosea. Ningependa niwe nimekosea. Lakini Mama leo hakula chochote.

Jumatano, 16 Aprili

Sikukosea. Tulikuwa tunatafuta mahali pasipo penyewe.

Wamerudi mapema, Mama akaenda kulala. Mimi kazi yangu ni kuosha gari. Nilimwaga maji kwenye sakafu ya nyuma, yakatoka kupitia matundu. Baba aliyatoboa mwenyewe mwaka jana ili maji ya barafu yasituame. Kila gari la samaki kule ufukweni lina matundu kama hayo. Nimeyaosha mara nyingi bila kuyafikiria. Leo niliinama nikaangalia kwa chini. Mdomo wa bomba, pale Baba alipoukata, uko karibu nayo kabisa.

Viungo havivuji. Gesi inatoka mwishoni mwa bomba, inapanda moja kwa moja hadi alipoketi Mama.

Baba alipowasha gari kulisogeza kivulini, nilishaweka unyoya wa kuku juu ya tundu moja. Uliruka. Nikaurudisha. Uliruka tena. Nikaweka kiganja, nikahisi joto.

Baba alikuwa tayari ameshuka, anaongea kwa simu, ameitwa mjini kwa wateja wa Pasaka. Alinipungia mkono kwamba baadaye. Nikaenda kwa Mama. Alinisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Alisema moshi anaujua, amekausha samaki kwenye tanuri tangu akiwa msichana, na ndani ya gari hakuna moshi. Nikamwambia huu hauonekani. Akasema, "Kesho ndiyo siku kubwa. Usimvunje baba yako moyo wiki hii. Unaona vile amefurahi."

Nimeona. Ndiyo sababu nimechelewa hivi.

Nimeziba matundu yote kwa matambara na mifuko ya plastiki. Nimewaambia kesho naenda nao. Mama amesema sawa, mikono zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika haya kwenye benchi la hospitali. Nikiacha kuandika nitaanza kufikiria.

Asubuhi tulienda vizuri. Mama mbele, mimi nyuma, gari tupu, vioo wazi. Ufukweni tulipakia. Barafu ilianza kuyeyuka, maji hayakutoka, yakaanza kuelekea kwenye magunia ya omena. Baba alipapasa sakafuni akavuta tambara la kwanza.

"Nani ameziba hapa?"

"Mimi, Baba. Gesi inapitia hapo. Jana niliweka unyoya ukaruka."

"Unyoya." Aliwaangalia wenzake waliokuwa wanapakia. Walikuwa wanasikiliza. "Omena ikilowa, utawauzia watu uji?"

Wakacheka. Alizibua matundu yote. Nilimwambia tena, kwa sauti ya chini. Alisema tutaongea nyumbani. Nilimwomba Mama akae mbele. Kreti ilikuwa imeshawekwa mbele.

Mvua ilianza kabla ya Ndori. Kioo cha upande wa Mama hakishuki, kimekwama muda mrefu. Changu kinashuka. Nilikishusha. Mama akasema omena inalowa, akanyoosha mkono akakipandisha. Nikakishusha. Akakipandisha, akanipiga kofi la mkononi, si kwa nguvu. Nikabakiza mwanya mdogo, nikaweka pua hapo. Nilimwambia naye asogee. Alisema niache wazimu.

Kichwa changu kilianza kugonga. Tulipita Akala. Mama aliniegemea begani. Nikadhani amechoka. Nikamwita. Nikamwita tena. Kichwa chake kilikuwa kizito kama gunia, na mkono wake ukateleza kutoka kwenye kreti.

Nilipiga kelele. Baba hakusikia. Ekzosi ilikuwa inanguruma, mvua inapiga paa, na kati yetu kulikuwa na makreti karibu hadi paani. Nilishusha kioo chote. Nikapiga kelele tena. Kupitia mwanya juu ya makreti niliona kisogo chake, anatikisa kichwa polepole kama anayeimba. Nikachukua samaki mmoja, ngege mnene, nikamtupa mbele kwa nguvu zangu zote. Akagonga kioo cha mbele akaangukia mapajani mwa Baba.

Baba alisimamisha gari karibu na Kisian. Aligeuka akiwa na hasira. Kisha akaona.

Tulimtoa tukamlaza kwenye nyasi, mvuani. Wanawake wa pembeni ya barabara waliacha mabeseni yao wakaja mbio. Mmoja alisema ni kifafa. Mwingine akamsukuma, "Tokeni hapo, mnamzibia hewa!" Baba alipiga magoti kwenye matope, anaita, "Nyar Nyakach! Nyar Nyakach!" Ndivyo anavyomwita Mama, binti wa Nyakach, lakini kawaida huita akitaka chai. Sijawahi kusikia jina hilo likiitwa hivyo.

Mama akavuta pumzi. Akakohoa. Akatapika. Nilimshukuru Mungu kwa yale matapishi.

Mtu mwenye pikapu alituleta. Tuliketi wote nyuma, upepo na mvua usoni, na Baba hakutoa mkono wake kifuani mwa Mama hata mara moja. Sasa yuko ndani, wamemwekea hewa kwa barakoa. Daktari aliuliza tulikuwa wapi. Nilieleza. Bomba, matundu, unyoya. Hakucheka. Alimgeukia Baba akamwambia dakika chache zaidi zingetosha.

Baba ametoka nje. Namwona kupitia mlangoni. Amesimama mvuani na kofia mkononi. Nina hasira naye. Ninamhurumia. Sijui ni lipi kubwa.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mama ameamka na kuuliza samaki wako wapi. Wale wanawake wa Kisian waliwauza wote wakatutumia pesa kwa simu. Hatuwajui hata majina.

Mimi pia nilipimwa. Niko sawa. Daktari alisema ule mwanya wa kioo ulinisaidia. Hatukula samaki leo. Mama Njeri alileta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye sufuria kubwa, akakaa nasi, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

Jumamosi, 19 Aprili

Baba alipandisha gari kwenye mtaro. Hakuniita. Nilimsikia akihangaika na bolti, akiwa mnene kwa mtaro ule. Baadaye alikuja hadi mlango wa jikoni akasimama. Aliangalia miguu yake.

"Akinyi. Ule unyoya uliuweka wapi?"

Nilimwonyesha. Halafu nikashuka mtaroni, naye akanipa spana.

Amenunua kipande cha bomba cha kurefusha na sailensa nzito. Mdomo sasa unatoka nje kabisa, pembeni, umeinuliwa usigonge mawe. Matundu tumeyafunga kwa bati na ribiti, na maji ya barafu yatashuka kwa mpira hadi mbele ya gurudumu. Mpira ni wazo langu. Kioo kilichokwama amekitengeneza pia, akakipandisha na kukishusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mwishoni nilikwenda kuwasha gari. Alinizuia, akaniambia mimi nikae na unyoya. Nikauweka juu ya sakafu, kila mahali palipokuwa na tundu. Haukusogea. Alishuka akaja kujionea. Tuliutazama muda mrefu.

Alisema kwamba kesho kanisani atawaomba wenye magari ya samaki watoke nje, awaonyeshe. Nikajua hiyo si kazi rahisi kwake. Wawili kati yao ndio waliocheka.

Nikamwambia kuhusu uhandisi. Aliendelea kufuta spana. Alisema basi lazima nijifunze kukata chuma vizuri, kwa sababu yeye mwenyewe hajui.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Tumekwenda kwao Mama, Katito, kuwajulia hali. Hatukubeba mzigo. Mama alikataa kiti cha mbele. Alisema amezoea kwake nyuma.

Mvua ilitukuta Ahero. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamejaa, maji kila upande hadi kwenye vilima. Tulipandisha vioo, tukaacha mianya. Gari liko kimya sasa. Nilisikia wipa zikienda na kurudi.

Mama akasinzia, kichwa kwenye kioo. Nikamtazama kifua. Nikatazama midomo yake, rangi yake. Baba naye alikuwa anamtazama kwenye kioo kidogo cha mbele. Macho yetu yakakutana humo.

"Nyinyi wawili," Mama akasema bila kufumbua macho, "angalieni barabara. Nimelala tu."

Baba akaangalia barabara. Mimi niliangalia mpunga.