Gari la Baba Halinywi kwa Haraka

Baba,

Jumamosi Bwire alileta gari lako Tororo kuweka mafuta, nami nakuandikia mikono ikiwa bado inanuka petroli. Wa nyumbani Masafu ni wazima, ng'ombe mweupe amezaa, na lile paa la jikoni ulilosema utalitengeneza limejitengeneza lenyewe, limeanguka. Hizo ndizo habari njema. Sasa nikwambie yanayoniuma.

Nina wivu, Baba. Nakula nao, nalala nao, naamka nao.

Siku ya kunyoa nywele za matanga, tulipokwisha kukuzika, wazee wa ukoo walikaa wakagawa vitu vyako. Koti akapewa mpwa wako. Kigoda na gari akapewa kaka yangu Bwire, maana ndiye mtoto wa kiume, ndiye mrithi. Mimi nilikuwa nakoroga uji wa wageni, hakuna aliyegeuka kunitazama. Tunaambiwa asiyekuwepo na lake halipo. Bwire alikuwa Nairobi miaka yote ile, na lake likawepo. Mimi niliyekuwepo nikapewa sufuria mbili, na moja inavuja.

Wala sikulitaka gari lenyewe. Gari la milango miwili na viti viwili, jekundu lililopauka, limekaa chini kiasi kwamba mbuzi wa njiani walikuwa wanatutazama usoni. Ulilinunua kwa yule injinia mgeni alipokuwa anafungasha kurudi kwao, nikiwa darasa la tano, na watu wakakucheka: mtu wa Masafu na gari la mashindano, kwenye mashimo haya? Nilichotaka mimi ni Jumamosi zetu.

Busia pampu zimejipanga hadi mpakani, lakini zote zinasukuma mafuta kwa nguvu, na shingo ya tangi la gari lako imejikunja kwa ndani. Ukiingiza mdomo wa pampu kama watu wengine wanavyofanya, petroli inakutemea, pampu inajifunga, na aliye nyuma yako anaanza kupiga honi. Ndiyo maana ulikuwa unakuja mpaka Tororo, kwenye ile pampu ya zamani iliyokuwa haina haraka na mtu. Ulikuwa unasimama sokoni mbele ya meza yangu ya mitumba, unapiga honi mara moja, namwachia jirani meza, naingia.

Pale kituoni ulikuwa unageuza mdomo wa pampu juu chini, unauingiza nusu tu, unaubana kidogo. Mimi nilikuwa napiga magoti nyuma, sikio kwenye madigadi. Kipimo cha mafuta kilikwisha kufa zamani, kwa hiyo kipimo kilikuwa sikio langu. Tangi likikaribia kujaa, sauti inapanda na kuwa nyembamba, kama chupa inayojazwa maji. Kila mara uliniuliza, "Linakunywa, Mama?" Uliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yako. Nami nilikujibu, "Linakunywa, Baba." Kazi ile hakuijua mtu mwingine, hata Bwire.

Sasa amerudi, anaendesha yeye. Amepita sokoni mara nyingi na hasimami. Nikiona ule wekundu unakatiza, roho inaniuma hadi nasahau mteja aliye mbele yangu.

Basi Jumamosi simu ikalia. Nikaiacha. Ikalia tena. "Sista, kuja hapa kwa petroli," akasema. "Hii gari imekataa mafuta na watu wananitukana."

Sikwenda kumsaidia, nikudanganye nini. Nilikwenda kumwona akishindwa, na nilimwona. Pampu yetu ya zamani wameing'oa, wameweka mpya inayong'aa, nayo inasukuma kuliko za Busia. Shati la Bwire lilikuwa limelowa petroli kifuani, nyuma yake lori la saruji na boda boda zimebanana, mhudumu ameshika kiuno. Nikasimama nimekunja mikono. Nilifurahi, Baba. Nikaona aibu, kisha nikaendelea kufurahi.

Halafu nikamnyang'anya mdomo wa pampu. Nikafungua leso yangu kiunoni nikaifunika shingo ya tangi, asione ninavyogeuza mkono. Mtu mzima mimi, nimefunika tundu la gari kama mama anayenyonyesha sokoni. Mafuta yakaanza kuingia. Ndipo nikatambua kwamba siwezi kushika pampu na kusikiliza pia. Kazi ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja tumemzika.

Ikabidi nimwambie Bwire apige magoti aweke sikio kwenye madigadi. Akapiga, na suruali yake safi ya Nairobi. Nikangoja aseme kitu. Nilipochungulia, alikuwa amefumba macho na machozi yanashuka kwenye bati. Nikamuuliza anasikia nini.

"Wewe ulipewa Baba," akasema. "Mimi nikapewa gari."

Baadaye aliniambia kwamba sokoni alikuwa hasimami kwa kuogopa kuwa angepiga honi na mimi nisingeinuka. Na kweli, nisingeinuka. Kumbe zile Jumamosi zetu zilikuwa zinamuuma kule Nairobi kama gari linavyoniuma mimi hapa.

Sikumkumbatia, nisikupambie. Niliondoa leso, nikamwonyesha mkono unavyogeuzwa, nikamwambia sauti ikiwa nyembamba aseme. Akachelewa kusema. Petroli ikatumwagikia miguuni sote wawili, na mhudumu akatufukuza.

Wakati wa kunirudisha sokoni aliniuliza, "Mlikuwa mnazungumza nini humu ndani, wewe na Baba?" Nikageukia dirishani mpaka tukafika. Mkono wa pampu nilishamwonyesha, lakini maneno yako nilishindwa kuyatoa.

Pumzika, Baba, mvua ya Masafu ikunyeshee taratibu. Bwire amesema Jumamosi ijayo atasimama, na akisimama nitaingia. Nakuahidi safari hii nitamjibu. Nitamgawia wewe, si yote yako, wala si kwa siku moja. Bado nina wivu.

Mwanao,
Ajambo