Kopo la Bi Mkubwa

Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi ya mawingu, upepo mkavu, vumbi la nyasi kavu puani. Mkwe wa Mzee amefika bandani mapema, viatu vyeupe, simu mkononi. Amesoma usiku kucha, anasema. Bi Mkubwa – farasi wetu jike, miaka kumi na minne, macho ya mtu aliyewahi kudhulumiwa urithi – ataruka viunzi Jumamosi, na eti oti, nafaka aliyozoea kula, hazimpi nguvu. Kuanzia leo ale mahindi yaliyoparazwa.

Nikamwambia kwa adabu kwamba tumbo la farasi ni dogo kuliko mwili unavyodanganya, na chakula hubadilishwa kidogo kidogo, wiki mbili. Akacheka. "Dada, mnyama mkubwa hivi, tumbo dogo?" Nikamtazama Mzee, mwenye banda. Mzee akatazama paa. Binti yake ni mmoja tu.

Basi. Nimesimamia ghala la chakula miaka tisa. Hata kushindwa nashindwa kwa utaratibu. Nikasema sawa, lakini kipimo hakibadiliki. Nikaandika ubaoni: BI MKUBWA – MAHINDI MAKOPO MAWILI ASUBUHI, MAWILI JIONI. KOPO LILE LILE. Nikapiga mstari chini yake. Nilijisikia nimeokoa kitu.

Jumanne, 4 Juni
Manyunyu. Kinyesi laini, kina harufu ya uchachu. Nimeandika kwenye daftari la banda. Bi Mkubwa kapiga teke ndoo mpaka ukutani. Mkwe kafurahi mno – hiyo ndiyo nguvu! Kampiga picha. Na ndoo pia.

Jumatano, 5 Juni
Mvua. Bi Mkubwa kabakiza nyasi kavu zake. Nimemwambia Mkwe. Kasema ameshiba, nani atatamani nyasi akiwa na mahindi. Nimeandika na hilo, neno kwa neno. Nakiri niliandika kwa raha.

Alhamisi, 6 Juni
Joto, hakuna hata upepo. Saa mbili asubuhi nimemkuta Bi Mkubwa amelala, anageuza shingo kutazama ubavu wake kama kuna mtu anambishia hodi humo ndani. Akainuka, akaparua sakafu, akalala tena. Jasho. Nikampigia daktari wa mifugo bila kumwomba mtu ruhusa.

Daktari – mama mfupi, mikono mikubwa – alisikiliza ubavu wa kulia muda mrefu. "Huku kimya," akasema. Akatueleza huku akiingiza mpira puani ammiminie mafuta: wanga ukizidi haumalizwi kusagwa juu, unateremka kwenye utumbo mpana, unachacha, unatoa gesi na tindikali. Na farasi hawezi kutapika. Kikiingia kimeingia.

Nilisimama na daftari langu tayari. Siku tatu za ushahidi! Mkwe alikuwa amepauka.

Daktari hakuuliza daftari. Aliomba kopo. Akajaza oti, akapima kwenye mizani: gramu mia tisa. Akazimwaga, akajaza mahindi. Kilo moja na nusu.

"Ukichukua uzito huo, na wanga uliomo, mmempa karibu mara tatu ya alichozoea," akasema. "Nani kaandika kopo lile lile?"

Miaka tisa napima kwa kopo. Mizani inaning'inia hatua moja kutoka kwenye pipa. Huwa natundikia koti.

"Mimi," nikasema. "Mwandiko wangu."

Mkwe akanitazama kwa upendo ambao sijawahi kuuona kwake.

Tumemtembeza kwa zamu. Mzee, ambaye mtu akitaja choo mbele yake hukohoa, kila saa anachungulia mlangoni: "Amejamba?" Bado, Mzee. Daktari kasema pasipotoka kitu kufikia kesho, tujiandae. Hakusema tujiandae nini. Jioni Mkwe kachukua kamba mkononi mwangu, kazunguka uwanja na viatu vyake vyeupe, ambavyo si vyeupe tena.

Ijumaa, 7 Juni
Ukungu, kisha jua kali. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bi Mkubwa amejamba. Kirefu! Halafu vipande vitatu vya kinyesi. Mzee kavua kofia. Mkwe kanikumbatia, kisha kajirudi, kaomba radhi.

Akaenda ubaoni akafuta maandishi yangu kwa mkono wa shati. Akaninong'oneza: yeye hatasema langu, mimi nisiseme lake. Ukarimu ulioje. Nikachukua chaki nikaandika upya: NYASI KAVU TU. NAFAKA HUPIMWA KWA KILO, SI KWA KOPO. MAKOSA YALIKUWA MAWILI. Chini yake nikatia saini, nikamwachia nafasi ya yake. Kaitazama ile nafasi. Chaki hakuishika.

Daktari alishaonya: shari ikitoka tumboni huweza kushukia kwato. Tuziguse siku mbili tatu; ukwato wenye joto si dalili njema. Nimegusa za mbele. Wa kulia baridi. Wa kushoto – vuguvugu. Labda ni jua. Nikamwita Mkwe aguse naye. Kaweka kiganja, kakiacha hapo muda mrefu.

"Labda ni jua," kasema.

Tulikuwa ndani ya banda, kivulini. Bi Mkubwa kahamisha uzito, kaegemea kulia.

Nimempigia daktari, yuko njiani. Nimejinyoosha ghalani juu ya magunia ya mahindi, hatimaye yamepata kazi. Kupitia mlangoni namwona Mkwe bado amechuchumaa, kiganja pale pale. Pembeni yake kuna kipande cha chaki, na si mimi niliyekiweka.

Sasa nalala. Saa nne na dakika kumi asubuhi.